Tumba Isiyopigwa

Jumapili, tarehe 7 Julai 1974. Alfajiri yalinyesha manyunyu, yakakatika kabla jua halijatoka. Kutwa nzima ukavuma upepo wa kusi wenye baridi ya kipupwe, hata watu wa Mwananyamala wakawa wanaoga maji ya moto bila kuoneana haya.

Polikarpo Mbano alinyoa ndevu, akapiga viatu rangi, akavaa shati jeupe alilopigiwa pasi na mkewe Yustina. Alikuwa mtu wa makamo, mtunza ghala wa shirika moja la umma kwenye Barabara ya Pugu. Alisoma sekondari ya misheni huko kwao Songea, akatoka na mwandiko mzuri na mazoea ya kulimaliza jambo moja kabla ya kushika la pili. Siku hiyo jambo lilikuwa kwenda Temeke, kwenye sherehe za Saba Saba, kusikiliza bendi.

Mdogo wake Romani, aliyekaa naye nyumba moja, alikuwa mpiga tumba katika bendi ya Ukwaju Jazz. Mwishoni mwa Mei, lori lililobeba vyombo na vijana wa bendi lilipinduka wakirudi kutoka Morogoro. Wengine walichubuka tu. Romani, aliyekuwa amekaa juu ya vyombo akiishikilia tumba yake isigongwe, alifariki papo hapo, na tumba ikatoka haina hata mkwaruzo.

Tangu siku ile Polikarpo alikuwa hajalia. Si kwamba alijizuia. Alikuwa kama bomba la uani siku maji yanapokatika: unafungua, halitoi kitu, unafunga, unakwenda zako. Alikula alichopewa, akalala saa ya kulala, kazini hakuna gunia lililopotea. Watu walimpa pole na yeye akaitikia "Tumeshapoa," wakamsifu kuwa ni mwanamume.

Mama yake, Bibi Rosalia, alikuja kutoka Songea kwa ajili ya msiba akabaki hapo hapo. Alikuwa mwembamba, mweusi sana, na kichwani alijifunga kitambaa cheusi ambacho hakukivua hata akilala. Kesho yake asubuhi alikuwa anapanda basi kurudi nyumbani. Mwanawe alipopita ukumbini akielekea mlango wa mbele, alimwita kutoka mkekani.

"Poli."

"Naam, mama."

"Unakwenda huko?"

"Nakwenda. Wamesema watapiga wimbo wa kumkumbuka."

"Mie mfiwa, siendi ngomani. Lakini nisikilize." Alikunja miguu, akaweka mikono juu ya magoti. "Mwaka jana mwalimu wa shule ya kwetu alitoa redio yake nje. Akaniita, mama njoo, bendi ya Romani inapigwa. Nikaja, nikakaa. Kumbe mle ndani mna watu wengi! Huyu anaimba, huyu anapuliza, huyu sijui anafanya nini. Mwalimu ananiuliza, unamsikia? Nami naitikia, eee, namsikia. Nilimdanganya. Sikujua yupi alikuwa mwanangu."

Polikarpo alirudi hatua moja kutoka mlangoni.

"Sasa kesho naondoka. Dada zangu wataniuliza, umekuta nini huko? Niwaambie nimekuta kaburi? Nenda ukaangalie vizuri, kama unavyojua kuangalia, halafu uje uniambie. Nataka niondoke na mwanangu, nisiondoke mikono mitupu."

"Nitakuletea habari zote, mama," alisema Polikarpo.

Hiyo haikuwa ahadi kubwa kwa mtu kama yeye. Nyumba waliyopanga ilikuwa ya Mzee Mfaume, Mzaramo aliyekuwa pia balozi wa nyumba kumi, na katika nyumba ile palikuwa na desturi moja inayojulikana mtaa mzima. Aliyekwenda dansi hakuruhusiwa kurudi nalo chumbani peke yake. Jioni alitandikiwa mkeka uani akalisimulia, maana si wote waliopata nafasi ya kwenda: mwingine ana mtoto mchanga, mwingine ana zamu, mwingine mumewe hataki. Na hodari wa kusimulia, tangu wapangaji wakongwe hadi wapya, alikuwa Polikarpo. Ajabu ni kwamba hakuwa anacheza. Kwenye bugi, dansi la Jumapili mchana, alisimama ukutani, mikono kifuani, mpaka mwisho. Lakini akirudi, alianza na mashati ya wanamuziki, rangi na kola, akaja kwenye viatu, akaja kwenye wimbo wa kwanza, nani alianza na nani alichelewa kuingia, mpaka aliyekuwa amebaki nyumbani akaapa kwamba naye alikuwepo. Romani mwenyewe akitoka jukwaani alipenda kumuuliza, "Braza, leo nimepigaje?" Akajibiwa kwa urefu.

Aliyekuwa akiharibu hadithi zile, na kuzinogesha, ni Eufrazia.

Eufrazia alikuwa mpangaji wa chumba cha mbele, mhudumu wa hospitali, mjane, Mhehe wa Iringa mwenye sauti ya kuitia mtu ng'ambo ya bonde. Kina Mbano ni Wangoni. Wahehe na Wangoni ni watani tangu vita vya mababu zao, na mtani hana mipaka: anakutukana mbele ya wakweo, anachukua ugali kwenye sahani yako, na ukifiwa ndiye anayeshika msiba wako mkononi. Eufrazia alikuwa akimkata Polikarpo katikati ya hadithi na kumwambia kuwa Mngoni hajui muziki, anajua kukimbia tu, naye akimjibu kuwa Mhehe ni mla mbwa. Uani kote kukawa vicheko.

Lakini siku ya maziko lilitokea jambo. Jeneza likiwa ukingoni mwa kaburi, Eufrazia alijitosa shimoni na kofia ya Romani kichwani, ile pama yake ya kahawia, akaketi chini na kupiga kelele: "Hazikwi mtu hapa! Huyu hajanirudishia pasi yangu! Mleteni kwanza aseme pasi ameiweka wapi!" Kisha akanyoosha mikono akawa anapigapiga ubao wa jeneza kama tumba. Ndiyo kazi ya mtani. Wangoni waliokuwepo walianza kutabasamu katika machozi, wakajipapasa mifukoni watafute hela ya kumtoa shimoni.

Polikarpo aliona mambo mengine. Aliona wakubwa wake wa kazi wamesimama wamevaa tai. Aliona katekista ameshika kitabu. Akashuka, akamkamata Eufrazia mkono, akasema kwa sauti ndogo lakini kila mtu akasikia: "Toka. Huu si mchezo."

Eufrazia alitoka. Alipanguza udongo kwenye kofia, akampa Yustina, akasimama nyuma ya watu mpaka mwisho. Na kesho yake asubuhi, walipokutana bombani, alisema: "Habari za asubuhi, Bwana Mbano."

Mtu asiye na mtani hawezi kujua uzito wa maneno hayo. Tangu siku hiyo Eufrazia alimsalimia hivyo, kwa adabu, kama anavyosalimiwa karani wa kodi. Hakugusa ugali wake. Hakumtukana. Wapangaji waliona. Polikarpo naye aliona, akasema moyoni kwamba ni sawa, na hakuhisi kitu.

Temeke walikwenda yeye na Mzee Mfaume. Uwanja ulijaa, chama kilikuwa kinatimiza miaka ishirini. Vijana wa chama walivaa mashati ya kijani na kushika kamba za kuwazuia watu. Palichezwa ngoma za mikoa, wa Mtwara wakacheza sindimba, wa Songea wakacheza lizombe, kisha jukwaa la mbao likaachiwa bendi. Vumbi, harufu ya mishikaki, upepo unavuta sketi za kina dada na suruali pana za bugaluu za vijana kama bendera. Polikarpo alisimama mahali pazuri, karibu na jukwaa, mikono kifuani. Alitazama yote. Mzee Mfaume alikuwa akimgusa bega: "Unamwona yule wa besi? Unamwona?" "Namwona," alisema.

Ukwaju Jazz walipopanda, kiongozi wao Albano, mpiga gitaa la solo, alikaribia maikrofoni. "Ndugu wananchi, wimbo huu tunaupiga bila mwenzetu. Hatukumweka mtu mahali pake. Tumba yake ni ile pale, haina mtu."

Tumba ilikuwa imewekwa mbele, katikati, imefungwa kitambaa cheusi tumboni.

Wakapiga. Mama mmoja kando ya Polikarpo aliangua kilio. Mzee Mfaume, mtu mzima na kofia yake ya kiua, alilia waziwazi huku pua inamvuja. Wimbo ulianza polepole kwa kuimba, ukazunguka, ukafika mahali pa kuchemka, watu wakaanza kucheza, na hapo pakatokea kitu kidogo cha ajabu: kila walipofika pa kugeuka, miguu iliwapotea. Waliinua mguu, wakasita, wakaushusha popote. Wakaangaliana. Wengine wakaacha kucheza wakasimama.

Polikarpo alikuwa anatazama mguu wa tumba. Ulivunjika zamani, Romani akauunga kwa kamba ya katani. Kamba ilikuwa imezungushwa mara nyingi, imekazwa, na mwisho wake umerudishwa ndani chini ya mizunguko usionekane. Alilitambua fundo lile. Ni la baba yao, alilokuwa akifungia mafurushi ya tumbaku. Alilitazama mpaka wimbo ukaisha. Watu walipopiga makofi, naye alipiga.

Njiani kurudi Mzee Mfaume alisema, "Mwanangu, leo nimezikwa pamoja naye." Polikarpo akasema, "Ndiyo, mzee."

Jioni, baada ya chakula, mikeka ilitandikwa uani. Kandili likatundikwa kwenye msumari wake. Bibi Rosalia alikaa mbele, kitambaa cheusi kichwani, mikono magotini, akamkazia macho mwanawe kama mtu anayesubiri kupewa kitu kwa mikono miwili. Wapangaji walikaa nyuma yake. Pembeni, karibu na bomba, Eufrazia alikuwa amewapa mgongo anasugua sufuria kwa majivu.

"Haya, Poli," alisema mama.

Polikarpo alikohoa. "Tulifika mapema. Watu walikuwa wengi. Zilichezwa ngoma, halafu bendi. Ukwaju Jazz walikuwa wa mwisho."

"Ee."

"Walipanda jukwaani. Albano alisema maneno. Halafu wakapiga wimbo."

Wakangoja. Polikarpo naye alingoja, kana kwamba mwingine ndiye anayesimulia.

"Walivaa nini?" aliuliza Yustina taratibu, kumsaidia. Ndiko alikoanzia kila siku.

Polikarpo alifungua mdomo. Alitafuta mashati. Aliwaona wote jukwaani, mikono yao, magitaa, tarumbeta inang'aa, lakini kila aliyemtazama hakuwa na rangi. "Mashati," alisema. "Sikumbuki."

Mtu mmoja nyuma akashusha pumzi. Mzee Mfaume akajaribu: "Waambie, mwanangu, ile sehemu walipochemka, watu walivyo... walivyo..." Akajipangusa macho kwa ncha ya kanzu. "Mie siwezi. Msimulizi ni yeye."

"Wimbo ulikuwa mzuri," alisema Polikarpo. "Watu walilia. Ulipokwisha walipiga makofi."

Bibi Rosalia aliendelea kumtazama kidogo. Kisha akainamisha kichwa. "Haya. Umechoka, mwanangu. Kesho nina safari." Akaanza kukunja ncha ya mkeka ingawa bado amekalia nusu nyingine. Mikono ilikuwa inatafuta kazi. Bila kumwangalia mtu akasema, "Kwetu, mtu akizikwa mtani hajasema neno, anabaki njiani. Haendi mbele, harudi. Siku ile sikusema kitu, wakubwa wako walikuwepo. Lakini mie nilijua. Ndiyo maana hata wewe aliyekuwepo hukumwona. Hayuko huko. Hayuko popote."

Kilichosikika ni majivu tu kwenye sufuria, kwaruu, kwaruu.

Polikarpo aliangalia mgongo wa Eufrazia. Alijua njia ilipo. Alijua pia kwamba kumwomba mtani radhi haiwezekani. Ukimwambia mtani "nisamehe" umeuvunja utani moja kwa moja. Akaanza vibaya: "Dada Eufrazia."

"Ndiyo, Bwana Mbano," alijibu, mikono haikusimama.

Polikarpo akatafuta tusi. Kichwani mwake palikuwa kama ghala siku ya kuhesabu mali, kila kitu kimetolewa nje, sakafu imefagiwa. Hakuwa na kicheko, hakuwa na hasira ya kuchochea neno. Alilitoa hivyo hivyo, kwa sauti yake ya kawaida, kama anayesoma hati ya mizigo.

"Nauliza tu. Sufuria unavyoisugua hivyo, mbwa wa jana alikuwa na mafuta mengi?"

Mkono wa Eufrazia ukasimama.

"Umesemaje?"

"Nasema Wahehe wa siku hizi mmekuwa waungwana. Kutwa Bwana, Bwana. Au mbwa wamewaishia huko Iringa, mmebaki na adabu?"

Mtu alicheka, akaziba mdomo. Eufrazia alisimama polepole, akageuka, mikono myeusi kwa majivu mpaka viwikoni. Uso wake haukuonekana kama unakasirika au unacheka. Kisha akapiga ukelele uliofika mpaka nyumba ya tatu.

"Eeeh! Nyie! Mmemsikia? Mmemsikia Mngoni huyu? Mngoni ambaye babu yake alimkimbia babu yangu mpaka akaangusha ngao, akaangusha mkuki, akafika kwake ameshika shuka lake la kiunoni mkononi! Leo amepata mdomo!" Alikuja mpaka kwenye mkeka. "Wewe kichwa cha kinu! Wiki zote hizi maneno yamenijaa tumboni, nimevimba, madaktari pale kazini wananiuliza, Eufrazia, una mimba? Nawaambia hapana, nimebeba matusi ya Mngoni mmoja, siku zikifika nitajifungua!"

Uani kote kukalipuka. Hata Mzee Mfaume alicheka huku machozi yake ya Temeke hayajakauka.

"Faini!" alisema Eufrazia, kidole puani mwa Polikarpo. "Umenitoa kaburini kama kuku. Faini ni jogoo. Lile la Yustina linalowika saa za wachawi."

"Jogoo langu?" Yustina akashtuka.

"Si lako tena, shoga. Limeolewa Uheheni."

"Chukua," alisema Polikarpo.

"Sikusikia."

"Chukua, mla mbwa."

"Hapo sawa. Na kofia."

Polikarpo aliingia chumbani akaitoa pama ya Romani juu ya kabati. Eufrazia hakunawa. Aliivaa na majivu yake mikononi, akailaza upande wa kushoto hadi ikagusa nyusi, akavuta karai la kufulia, akaligeuza, akaketi na kulibana kwa magoti. Na mbele ya macho yao mwanamke yule mnene akapungua, akawa kijana.

"Dada Eufrazia," alisema kwa sauti ya puani, ya kubembeleza, "nipashie maji, kidogo tu, kikombe kimoja. Dada Eufrazia, pasi yako, naikopa, narudisha sasa hivi. Sasa hivi ya kweli, si ile ya jana." Akatoa leso ya hewani, akaifuta tumba kwa mapenzi, taratibu, ukingo mzima, jasho likimtiririka usoni asijifute mwenyewe. Akamwona msichana kati ya wacheza dansi. Akauma mdomo wa chini upande mmoja, akapandisha nyusi.

"Ndiyo yeye!" Bibi Rosalia alinyanyuka kwa magoti. "Ndiyo yeye huyo! Hivyo hivyo alikuwa anauma mdomo akipukuchua mahindi! Mungu wangu, huyu mwanamke!" Akacheka. Kilikuwa kicheko cha kukwaruza, kama mlango uliokaa muda mrefu haujafunguliwa.

"Nyamaza mama, sie wasanii tuna kazi," alisema Eufrazia kwa sauti ile ile ya puani, akaanza kupiga karai.

Alikuwa amemsikia Romani akijifunza pale uani kila asubuhi kwa miaka, naye akimlaani kwa kelele zake. Kumbe alikuwa amehifadhi. Viganja vilikwenda chini chini, havina haraka, halafu vikanyamaza kidogo, pumzi moja, na katika kimya hicho vikaangusha mapigo mawili: ti-ndi. Vikaendelea. Vikanyamaza. Ti-ndi. Watoto waliokuwa wamesimama mlangoni wakageuka mahali pale pale, wote pamoja, bila kuambiwa.

"Mama," alisema Polikarpo.

Bibi Rosalia akamtazama.

"Hiyo ndiyo yeye. Kwenye redio. Hiyo ti-ndi." Alikuwa anasema polepole, akipanga. "Waimbaji huwezi kuwakosa, na mpuliza tarumbeta huwezi kumkosa. Yeye yupo chini yao. Leo hakuwepo. Watu walipofika pa kugeuka walikosa pa kukanyaga. Waliinua mguu hivi, wakasita. Uwanja mzima. Kila mahali waliposita palikuwa pake."

Mama alisikiliza karai. Midomo yake ikawa inahesabu bila sauti, ikangoja, ikangoja. Ti-ndi. "Hapo," alisema.

"Hapo."

"Na hapo."

"Ndiyo, mama."

"Basi nilikuwa namsikia," alisema. "Nilidhani ni redio inakatika." Kisha akauliza, "Ngoma yake waliiwekaje?"

"Mbele, katikati. Wameifunga kitambaa cheusi. Mguu mmoja wa tumba ulivunjika, aliuunga mwenyewe kwa kamba. Alifunga fundo la baba. La tumbaku. Hawakulifungua."

Bibi Rosalia alishika ncha ya kanga yake, akaizungusha kwenye kidole cha mkono wa pili, akaikaza, akairudisha ndani. "Hivi?"

"Hivyo."

"Aliliweza?"

"Aliliweza, mama. Lori lilipinduka na fundo halikulegea."

"Baba yenu alimchapa kwa fundo hili. Msimu mzima. Alikuwa halijui, mafurushi yanafunguka, tumbaku inamwagika njiani." Aliangalia kidole chake kilichofungwa. "Kumbe alikuja kulijua." Akajilaza ubavu mkekani, akaanza kulia kwa sauti, kilio cha kwao cha kuita jina, na kina mama wakamsogelea wakalia naye. Eufrazia hakuacha kupiga karai. Alilia akiwa na kofia kichwani, kamasi na majivu, ti-ndi, ti-ndi, akimtukana Romani kwa pasi yake kila alipopata pumzi.

Polikarpo alilishusha kandili kutoka msumarini akalishika, kwa sababu watoto walikuwa wanaligonga. Alisimama nalo mpaka walipomaliza. Macho yake yalikuwa makavu. Mkono ulimchoka, akabadilisha wa pili.

Asubuhi alibeba sanduku la mama yake mpaka stendi. Kabla hawajaondoka Eufrazia alitokea mlangoni, kanga kifuani, jogoo kwapani. "Bibi Mngoni! Basi likisimama Iringa usiteremke hata kukojoa! Babu zangu wako stendi na mikuki!"

"Nitakojoa Iringa makusudi," alijibu Bibi Rosalia. Kitambaa cheusi hakikuwa kichwani. Alikuwa amekikunja, ameshika mkononi.

Kwenye dirisha la basi alimpa mwanawe mkono. Vidole vyake viligonga kiganja cha Polikarpo mara mbili, kidogo, vikatoka. Basi likaondoka. Polikarpo alilitazama mpaka likapinda kona, kisha akaenda kazini.

Ghalani alifungua kufuli, akafungua madirisha, akapita katikati ya mizigo kama kila siku. Gunia moja lilikuwa limelegea mdomo. Alikata kamba, akalikusanya, akazungusha, akakaza, akarudisha mwisho ndani chini ya mizunguko. Alivuta. Fundo halikulegea. Alikaa amelishika.

Fransis, mpakiaji mizigo, aliingia na birika la chai. "Shikamoo, Ndugu Mbano. Vipi Temeke? Sie tulikuwa na zamu, hebu tuambie."

"Marahaba." Polikarpo aliliachia gunia, akavuta kiti, akapokea kikombe. Alikipuliza.

"Walivaa mashati ya njano," alisema. "Kola pana."